Anza na Mkasi: Namna ya Kuimaliza Kazi Unayoikwepa Kabla Siku Haijachangamka

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, na najua neno la kwanza lililokujia kichwani: "njoo kesho." Sikatai. Nimelisema mara nyingi kuliko nilivyosema "karibu." Kwa hiyo usinisome kama mtu aliyezaliwa na nidhamu. Nisome kama mlevi aliyeacha pombe, ambaye bado anajua kila kilabu kilipo.

Wasichokijua wateja ni kwamba fundi anayesema njoo kesho mara nyingi hakukaa bure. Nilikuwa nafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja jioni, mguu hautoki kwenye pedeli. Nimebadilisha zipu nne, nimepunguza suruali sita, nimerudishia mfuko wa koti la mlinzi, nimeziba sare ya mtoto aliyeruka ukuta. Jioni nimechoka, tena uchovu wa halali. Na kitambaa cha suti ya bwana harusi bado kiko kwenye mfuko wake juu ya shelfu, kama kilivyokuwa jana na juzi.

Nilichokuwa nakiogopa si kushona, ni kukata. Mshono ukikosea unafumua, unaanza upya, mteja hajui. Kitambaa ukikikata vibaya, umekinunua. Ndiyo maana mkono unakimbilia zipu.

Mwaka mmoja mama mmoja anayekaa Rau aliniletea lesi nyeupe ya gauni la binti yake la kipaimara. Aliileta Oktoba, ibada ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Lesi ya bei, iliyopimwa barabara, bila hata sentimita ya kukosea. Niliipapasa, nikaisifia, nikaiweka juu. Kila asubuhi niliitazama nikasema leo, halafu anaingia mtu na suruali. Jumamosi ya mwisho nilianza kuikata saa mbili usiku, umeme ukakatika saa tatu, na binti akaenda kanisani na gauni la kuazima la binamu yake. Mama hakunitukana. Alichukua vipande vyake, akasema, "Asante, fundi." Afadhali angetukana.

Tangu hapo nilibadilisha utaratibu wa siku yangu. Ninaueleza hapa kwa lugha ya fundi, lakini kazi ya mkasi kila mtu anayo. Kwa mwanafunzi ni pendekezo la utafiti, kwa mwenye duka ni hesabu, na kwa wengine ni ile simu ya kumpigia mtu wanayemdai au anayewadai.

Hatua ya 1: Itafute kazi yako ya mkasi

Usianze na orodha ya kazi kumi na tano. Orodha ndefu ni uchochoro mwingine wa kujifichia: unaandika, unapigia mistari, unajisikia umefanya kazi. Chukua karatasi ndogo ujibu haya kwa kalamu: Ni kazi gani inayonijia nikiwa kitandani? Ni kazi gani mtu akiniuliza nabadilisha mazungumzo? Ni ipi nikiimaliza, nyingine mbili tatu zinafunguka zenyewe? Jina likijitokeza mara mbili kati ya majibu hayo, umeshaipata.

Hapa watu wengi huteleza, kwa sababu wanachukua kazi inayopiga kelele zaidi wakidhani ndiyo kubwa. Watu wa milimani huko Kibosho na Marangu wana mfano mzuri, ingawa hawauiti mfano. Kahawa mbivu ukiichuma, inabidi uimenye siku hiyo hiyo, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya ganda na ubora unashuka. Hakuna mkulima anayehitaji mwongozo kwa hilo, kahawa yenyewe inamkimbiza. Lakini kupogoa je? Mkahawa usiopogolewa haulalamiki. Unasimama pale kimya, unajaza matawi, na msimu unaofuata unakupa kidogo. Kuchuma kuna kelele na kupogoa hakuna, na ukipita shambani ukaona matawi yamefungamana utajua ni kazi ipi mwenye shamba amekuwa akiisogeza.

Kwa mwenye duka ni vilevile. Kodi ya mishahara inadaiwa tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT tarehe 20. Tarehe hizo zinapiga kelele, na mtu anakesha nazo. Kilichokuwa kimya ni kupanga risiti kila wiki. Kingefanyika, tarehe 19 ingekuwa siku ya kawaida.

Mwaka 1954 Dwight Eisenhower, akiwa rais wa Marekani, alihutubia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Evanston. Akamnukuu mkuu mmoja wa chuo aliyesema ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu: ya haraka si muhimu, na ya muhimu hayawi ya haraka kamwe. Kwa maoni yangu yule mkuu wa chuo alitia chumvi. Suruali ya mtu anayekwenda msibani saa nne ni ya haraka na ni muhimu pia. Ila kwa siku za kawaida alikuwa sahihi, na mifuko iliyokuwa juu ya shelfu yangu ilikuwa shahidi.

Hatua ya 2: Iandae jioni, usiifanye

Ukiniambia nichague hatua moja tu katika hizi zote, nitachagua hii.

Asubuhi ukianza kwa kutafuta chaki, mkasi, daftari la vipimo na pasi, utakuwa umeshapita vishawishi kumi kabla hujagusa kitambaa. Kwa hiyo mimi kabla ya kufunga natoa kitambaa cha kesho kwenye mfuko. Kama ni pamba nakuwa nimeshakiloweka na kukianika mapema, maana pamba hupungua ikifuliwa, na mteja hataki gauni linalomtosha siku moja. Nakipiga pasi, nakitandaza mezani, natazama mwelekeo wa nyuzi, na kama ni mahameli natazama manyoya yake yamelalia wapi. Nachora vipande kwa chaki, vyote. Mkasi nauweka juu ya kitambaa, mdomo wazi. Halafu nafunga mlango.

Kuchora jioni kuna faida niliyoigundua baadaye. Uoga wangu wote ulikuwa kwenye kuamua: bega lishuke kiasi gani, paja lipewe nafasi kiasi gani. Nikiamua jioni, nikalala, asubuhi naiona michoro kama vile imeachwa na fundi mwingine ninayemwamini. Nikiona kosa nafuta chaki. Nisipoliona, nakata.

Wewe usiye na kitambaa fanya hivyohivyo kwa njia yako. Acha faili limefunguliwa kwenye kompyuta, pale pale kwenye sentensi utakayoanzia. Weka risiti mezani zikiwa na kalamu juu yake. Andika namba ya simu kwenye karatasi na neno la kwanza utakalosema. Kisha andika sentensi moja ya mpango, yenye "nikisha" na "nita": nikishafungua mlango na kufagia, nitakata mguu wa kushoto wa suruali. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alianza kuchunguza mipango ya namna hii miaka mingi iliyopita. Aliona kwamba anayefunga nia yake kwenye saa na mahali maalumu huitekeleza zaidi kuliko anayesema tu "kesho nitajitahidi." Sisi mafundi tulilijua nusu yake. "Kesho" yetu haikuwa na saa.

Hatua ya 3: Ipe saa ya kwanza, si saa itakayobaki

Wateja wangu wengi ni wapagazi na waongoza watalii, maana suruali za mlimani huchanika magotini. Niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini safari ya kilele cha Kilimanjaro huanza usiku wa manane, kwenye baridi ile, wakati mtu angeweza kunywa chai akaondoka jua likiwa limetoka. Akaniangalia kama mtu asiyejua anaishi wapi. Kutoka kambi za mwisho, Kibo au Barafu, zilizo kwenye takriban mita 4,700, wanaondoka karibu na saa sita usiku ili wawe kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri. Changarawe ya mteremko ikiwa imeganda kwa baridi inakanyagika. Jua likiipata, kila hatua mbili unarudi moja. Hewa ya asubuhi ni tulivu, mawingu hupanda baadaye. Na siku ile ile lazima uteremke, saa nyingi za kuteremka, kwa magoti yaliyochoka. Kipande kigumu kinawekwa mbele kwa sababu siku yenyewe inaharibika kadiri inavyokwenda.

Sisi wa mjini tunaliona hilo kila siku bila kupanda. Asubuhi na mapema kilele cha Kibo kiko wazi, cheupe, unaweza kuhesabu mikunjo yake. Saa nne ukitoka kumwonyesha mgeni, unaonyesha wingu.

Saa yangu ni kuanzia saa mbili hadi saa nne. Yako huenda ni tofauti, na hapa siungani na wanaosema lazima uamke saa kumi alfajiri. Mama anayewaandaa watoto watatu kwenda shule hana saa ya kwanza kabla ya saa mbili, na hakuna haja ya kumwongezea dhambi. Anayechoma vitumbua alfajiri, saa yake ya kwanza ni mchana akishauza. Saa ya kwanza ni ile inayofuata baada ya majukumu usiyoweza kuyahamisha, kabla hujafungulia watu mlango na simu. Hata kama ni dakika arobaini.

Hatua ya 4: Linda kizingiti bila kuwa na roho mbaya

Vitabu vya ofisini vinasema funga mlango. Mimi mlango wangu ni baraza. Mtu akipita bila salamu ananuna, na mzee nikimkatia shikamoo kwa sababu "niko na kazi muhimu," mtaa mzima utajua kabla ya chakula cha mchana. Nimejaribu njia kadhaa, zilizobaki ni hizi.

Nimetundika ubao mdogo: VIKAZI VIDOGO KUANZIA SAA NNE. Wiki ya kwanza watu waliucheka. Wiki ya pili walianza kuacha nguo kwenye kapu na kuondoka. Kapu ni la lazima, kwa sababu mteja hataki kusubiri, anataka tu kuona nguo yake imepokelewa.

Salamu naitikia, kwa heshima zote, lakini naitikia nimesimama na mkasi mkononi. Jaribu. Mtu akikuta umekaa, anakaa.

Anayesema yake ni ya haraka namuuliza swali moja tu: "Utaivaa saa ngapi?" Akisema saa tano anakwenda mahakamani, naiweka kazi yangu chini na kumhudumia, bila kinyongo. Akisema Jumapili, wote wawili tunacheka na nguo inaingia kapuni. Kwa mwezi mzima niliohesabu, waliokuwa na haraka ya kweli kabla ya saa nne walikuwa wawili.

Simu iko kwenye droo ya vifungo. Haizimwi, maana nina mama mzee Machame. Mlio wake nimeuacha kwa namba tatu tu. Magrupu ya harusi na ya ukoo yatanisubiri. Huwa wanabishana kuhusu bajeti ya ng'ombe hadi usiku, sitakosa kitu.

Hatua ya 5: Anza na kipande kisichoonekana

Asubuhi umefika, kitambaa kimetandazwa, saa ni mbili na robo, na mkono bado hautaki. Hii ndiyo dakika yenyewe. Timothy Pychyl na Fuschia Sirois, watafiti waliofanya kazi Kanada na Uingereza, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha si tatizo la kushindwa kupanga muda. Ni namna ya kuikimbia hisia mbaya inayokuja na kazi, ili upate nafuu sasa hivi. Niliposikia hivyo nilikumbuka zipu zangu. Kila zipu ilikuwa dawa ndogo ya maumivu.

Kwa hiyo usijigombeze, punguza ukali wa mwanzo. Kwenye suti mimi naanza na bitana na vitambaa vya ndani ya mifuko. Nikikosea robo sentimita pale, hakuna harusi itakayosimama. Lakini angalia: bitana ni sehemu ya suti hiyo hiyo. Kupanga nyuzi kwa rangi siyo. Kutia cherehani mafuta siyo. Watu wengi huambiwa "anza na kidogo" wakaanza na kidogo cha kazi nyingine, ndipo asubuhi inapoyeyuka. Mkasi ukishalia mara tatu nne, mkono unapata moto, na kipande cha mbele cha koti kinafuata karibu bila kuulizwa.

Mwanafunzi asianze na utangulizi, maana utangulizi ndio kipande cha mbele cha koti. Aanze kueleza data atazikusanyaje. Anayedaiwa asianze kuandika ujumbe mrefu wa kujitetea. Aandike kwanza kiasi anachoweza kulipa na tarehe. Mwenye risiti azipange kwa mwezi, asijumlishe kitu.

Ukiona bado pagumu, jiwekee dakika 25. Francesco Cirillo, Mwitaliano, alianza kuzitumia akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Saa ya mezani ya kengele inatosha. Usitumie simu; ukiifuata kuweka kengele utarudi baada ya video sita.

Hatua ya 6: Weka mstari wa mwisho

"Kushona suti" haimaliziki asubuhi moja, na kazi isiyomalizika inakatisha tamaa. "Kukata vipande vyote vya koti" inamalizika. Kadiria muda, kisha ongeza nusu yake. Mimi nilikuwa najidanganya kwamba koti nalikata kwa nusu saa. Nilipotazama saa kweli, ilikuwa dakika 50. Ukifika mstarini, simama. Funga vipande kwa utepe wa kitambaa hicho hicho, andika jina, fungua baraza.

Na hela ya chakula je?

Swali hili huulizwa na kila fundi ninayemweleza, na ni swali la haki. Zipu ni sh. 3,000 mkononi papo hapo, suti ni hela ya wiki ijayo. Lakini fanya hesabu kwa daftari, si kwa kichwa. Mteja wa suti alishatoa kianzio, nacho nilishakila. Kila siku kitambaa kinapokaa juu, nusu iliyobaki haiji. Tena watu wa suti ndio wanaoleta wasimamizi wa harusi, na wasimamizi huleta ndugu. Zipu zangu hazikupungua hata moja: zilihama tu kutoka saa tatu kwenda saa tano. Kilichopungua ni muda wa kukaa na wenye zipu tukiongelea mpira.

Desemba lakini ni habari nyingine. Ndugu wanarudi nyumbani kwa Krismasi kutoka kila pembe, kila mmoja na kitenge chake, kisha Januari zinaingia sare za shule. Mwezi huo wa Desemba saa mbili zangu nazifanya tatu, na kuanzia tarehe 10 sipokei kitambaa kipya. Nilipoteza wateja wawili mwaka wa kwanza. Mmoja alirudi Pasaka.

Siku ikiharibika

Itaharibika. Kuna msiba, kuna mtoto mwenye homa, kuna asubuhi unaamka huna hamu hata ya chai. Kosa ni kujilipiza: kusema kesho nitakata mbili. Kesho hutakata hata moja. Acha kitambaa kile kile mezani, michoro ile ile, uanze na bitana ile ile. Ikipita siku tatu mfululizo bila kuguswa, basi tatizo si uvivu. Kuna kitu hujui. Kwangu mara nyingi ni kipimo nilichokitilia shaka au mtindo ambao sikuuelewa mteja aliponionyesha picha. Hapo dawa ni kupiga simu: "Shikamoo mama, samahani, naomba uje nikupime tena." Mama anayeitwa kupimwa tena anaona fundi makini. Nilidhani wangenidharau.

Jumamosi jioni nahesabu mifuko iliyo juu ya shelfu ambayo haijaguswa na mkasi. Kipindi kile cha lesi ilikuwa kumi na moja. Jumamosi iliyopita ilikuwa mitatu: miwili iliingia wiki hiyo, na mmoja ni wangu mwenyewe, kitambaa cha suruali nilichojinunulia kabla ya Pasaka. Mke wangu ameanza kuniuliza aje lini kuichukua hiyo suruali. Namjibu: njoo kesho.